Kichupa cha Mafuta ya Mbarika

Katika nyumba niliyoolewa hakuna mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa kawaida. Magonjwa ya kawaida yalikuwa ya majirani. Watu wa nyumba hii wakiumwa tumbo, basi wamelishwa kitu. Wakijikwaa njiani, kuna mtu amewaombea wajikwae. Ng'ombe wao akikauka maziwa, ni kwa sababu kuna mwanamke aliyemtazama akinywa maji. Mimi nilitokea Gazi, kwa watu duni ambao wakiharisha husema wamekula samaki aliyelala. Nilipoingia katika ukoo huu wa watu wanaoonewa kijicho na ulimwengu mzima, niliona nimepanda cheo.

Sijui walikuwa wanaonewa kijicho kwa lipi. Nyumba yetu, nje kidogo ya Msambweni, ilikuwa ya udongo na makuti kama nyumba zote, ila baraza yake ilipigwa saruji. Hiyo saruji ilizungumzwa humo ndani kana kwamba ni kasri. Mavyaa wangu, yaani mama mzazi wa mume wangu, alikuwa akiifagia mara tatu kwa siku, na kila akimaliza hutazama njiani kuona ni nani anayeitamani.

Hii ilikuwa katika miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na barabara ya Likoni ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, nimo katika mwaka wa pili wa ndoa. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mbata. Alizunguka kununua nazi zilizokaushwa, toka kwa wakulima wa Kikoneni hadi vijiji vya upande wa Shimoni, kisha akazipakia kwenye lori kwenda nazo Mombasa. Huko alilala siku mbili, tatu, wakati mwingine tano. Biashara ya mbata, nilielezwa, haitaki haraka. Mbata lazima ipimwe, ikishapimwa lazima ingojewe, na mwenye kungojea lazima alale mahali. Haya nilielezwa kwa kirefu, bila mimi kuuliza.

Basi mwaka huo, mwezi mmoja baada ya Idi, macho yangu yakaanza kuwasha.

Si macho yenyewe, ni kingo zake, pale kope zinapoota. Haukuwa mwasho wa kupikicha mara moja ukaisha. Ulikuwa unatulia kidogo, unanipa nafasi ya kushukuru, kisha unaanza tena upande wa pili. Asubuhi nilikuta kope zimegandamana, na nikizisafisha kwa ncha ya leso natoa chembechembe za rangi ya kutu. Kingo zikavimba, zikawa nyekundu. Ndani ya wiki moja nilikuwa na sura ya mtu aliyefiwa na watu watatu kwa mpigo.

Mavyaa alinikalisha barazani, kwenye saruji yake, akanitazama kwa mbali kidogo. Hakuuliza inawasha wapi wala ilianza lini. Aliuliza swali moja tu.

"Nani aliyekutazama?"

Nikamwambia watu wengi wamenitazama, kwani nina uso na ninatoka nje. Hilo halikumchekesha.

"Kwenye harusi ya juzi. Nani aliyekusifu?"

Hapo nikakumbuka, na ningekuwa na akili ningenyamaza. Aliyenisifu alikuwa mpambaji.

Huyu mpambaji alikuwa mjane wa makamo, akikaa peke yake nyumba ya nne kutoka kwetu, karibu na kisima. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi: hina mikononi na miguuni, singo ya kusugulia mwili, na wanja wa macho ambao aliutengeneza mwenyewe kwa masizi ya utambi na samli. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto, na hakuwa na kazi nyingine. Bibi harusi wa upande wetu aliyepambwa na mtu mwingine alihesabika ameolewa kwa dharura. Kwenye harusi hiyo, alipokwisha kumpamba bibi harusi, alibakiwa na wanja kidogo kwenye kijiti. Akaniita mimi niliyekuwa karibu, akanipaka, akasema: "Wewe mwanangu una kope, si mchezo."

Basi, kosa lake lilikuwa hilo tu. Mtu akisifu kitu cha mwenziwe kwetu husema Mashaallah, ili jicho lake lisikidhuru kile kilichosifiwa. Sasa swali likawa je, mpambaji alisema Mashaallah au hakusema? Mimi nilikuwa nimefumba macho nisiharibu wanja, ngoma inalia, wanawake wanapiga vigelegele. Sikumbuki. Lakini mavyaa aliita mashahidi, na mashahidi walikuja wengi kuliko waalikwa wa harusi. Mmoja aliapa kwa jina la Mungu kwamba hakumsikia mpambaji akisema Mashaallah. Siku hiyo ya harusi mama huyo alikuwa Vanga, mazikoni. Kweli hakumsikia.

Kesi ikaisha. Nimepigwa jicho.

Dawa ya kwanza ilikuwa wanja. Jicho baya, waliniambia, huogopa macho yaliyopakwa wanja, kwa hiyo nipakwe mwingi. Si wanja wa mpambaji, hasha, bali wa dukani, mkavu, wenye kukwaruza. Mavyaa aliupaka kama mtu anayekandika ukuta. Nikawa naamka na kingo zinawaka moto, napakwa juu yake tabaka jingine, na chochote kilichokuwa kinaishi chini ya kope zangu kikapata paa jipya kila asubuhi. Baada ya wanja akaletwa jirani anayenyonyesha, anikamulie maziwa machoni. Kisha ubani, nijifunike shuka nifukizwe hadi nikohoe. Kisha kombe. Mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mpole ambaye ndiye pekee aliyeonekana kunihurumia, aliandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akaosha, akanipa ninywe. Akamwambia mavyaa, "Mponyaji ni Mwenyezi Mungu. Hilo kombe anywe, na kesho mpelekeni zahanati." Mavyaa akaitikia Amin kwenye sentensi ya kwanza, na ya pili hakuisikia.

Nami nitasema ukweli wangu, maana wengine nimekwisha kuwasema. Niliufurahia ugonjwa ule. Mwasho sikuufurahia, lakini cheo nilikifurahia. Kabla ya hapo nilikuwa mke wa mwana tu, wa kukuna nazi, kupaa samaki na kuteka maji. Sasa nilikuwa mtu aliyehusudiwa. Wanawake walikuja hata kutoka Diani kunitazama, wakiketi mkekani na kusema, "Maskini, na kope zilikuwa zake kweli!" Kuku wawili, mmoja mweupe wa sadaka, walichinjwa kwa ajili yangu. Hakuna aliyenipa mbuzi ya kukunia nazi kwa muda wa wiki tatu. Kila aliyekuja alitaka nimsimulie jinsi mpambaji alivyonitazama, na kila niliposimulia mtazamo ule uliongezeka urefu.

Nimetangulia kidogo. Kabla hata kuku wa kwanza hajachinjwa, siku ya pili baada ya mavyaa kutoa hukumu, mpambaji alikuja kwetu. Hakupitia barazani, alipitia uani, kwa adabu. Nilikuwa nimelala ndani na kitambaa cha maji machoni. Nilisikia sauti yake ikizungumza chini chini na mavyaa, kwa muda mrefu kiasi, kisha nikasikia ndara zake zikiondoka. Mavyaa akaingia na kichupa kidogo kizuri, cha kioo chenye nakshi, kimezibwa kwa kipande cha gunzi. Alikishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya mkiani.

"Kakuletea mafuta ya mbarika. Eti upake kwenye kope."

"Kasema nini jingine?"

"Kasema upone."

Akatoka nacho, akakitupa chooni. Nilisikia kikigonga ubao. Mafuta ya mbarika tulikuwa tunayajua, mazito, bibi zetu walipaka nywele na ngozi. Hakuna aliyewahi kuniambia ni sumu. Lakini sikuuliza kwa nini yanatupwa. Na jioni hiyo kichupa kilikwisha kuwa ushahidi: mtu asiyehusika angejuaje dawa ya ugonjwa ambao hajaulizwa? Wanawake wote waliokuwa mkekani waliona hoja hiyo ni nzito sana. Na mimi niliiona nzito.

Basi mpambaji akaanza kuumia, na alivyoumia si siri, tuliona sote. Harusi mbili zilipita bila yeye kuitwa. Waliitwa wapambaji wa Ukunda, ambao hina yao ilikuwa kama kuku amekanyaga tope akapita mkononi mwa mtu. Akifika kisimani, wenzake walikumbuka kwamba wameacha kitu jikoni. Mama akikutana naye njiani alimfunika mtoto uso. Baada ya mwezi nikamwona akipita na rundo la makuti kichwani. Mtu ambaye vidole vyake vilikuwa vimetunzwa kwa miaka ili visitetemeke kwenye jicho la bibi harusi, sasa anasuka makuti ya kuezekea. Alipofika mbele ya baraza yetu alisimama, akasema "Hamjambo humu," na kabla sijafungua mdomo mavyaa akanivuta leso akanifunika uso. Nikaacha nifunikwe. Mpaka leo hilo ndilo linalonichoma kuliko mengine yote, kwamba mkono wangu ulikuwa huru na sikuiondoa ile leso.

Macho nayo, licha ya heshima zote yalizopewa, yalizidi kuwa mabaya. Mume wangu alirudi kutoka Mombasa, akanihurumia, akamlaani mpambaji kwa sauti ya kiume, kisha akageukia ukutani kujikuna. Alikuwa na upele wa joto, alisema. Mombasa kuna joto sana. Ni joto la ajabu, maana lilimpata mahali pamoja tu, tena mahali ambapo mtu hajikuni mbele ya mama yake.

Siku nilipoamka nisiweze kabisa kufungua jicho la kushoto, mwalimu alikuja mwenyewe barazani, akaurudia ule ushauri wake mbele ya wanaume. Sasa mavyaa hakuweza kutousikia. Tukaenda zahanati.

Yeye alibaki nje kwenye benchi, akiwasimulia wagonjwa habari za jicho, na watu wenye vidonda na homa zao halisi wakimsikiliza kwa wivu. Mimi nikaingia ndani peke yangu. Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, alikuwa mtu wa bara, kaptura ya kaki imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kwa mguu mmoja. Hakuniuliza nani kanitazama. Aliosha ule wanja kwa pamba na maji ya vuguvugu, taratibu, karai zima likawa jeusi. Kisha akachukua kioo cha kukuzia, akanisogeza dirishani, akaniinamia. Akachukua kibano, akavuta kitu kwenye ukope wangu, nikahisi kama unyoya unang'olewa. Akakiweka kwenye karatasi nyeupe, akanipa kioo.

Kilikuwa kidogo kuliko chembe ya mchanga. Kilikuwa na miguu, mipana kama ya kaa, na kilikuwa kinatembea.

"Mama, hii ni chawa," akasema.

Nilikasirika. Nikamwambia mimi ninaoga mara mbili kwa siku, na kichwa changu kinasukwa kila Alhamisi, na amwangalie vizuri mtu anayezungumza naye. Hakukasirika. Alitazama dari.

"Si ya kichwa hii. Ya kichwa haipendi kope. Hii ni ile ya huku chini." Akaendelea kutazama dari. "Inakaa kwa nywele nzito nzito, zimeachana. Ikikosa pale, inapanda kwa kope. Bwana yako iko?"

"Yuko."

"Analala nyumbani?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

Nikafungua mdomo nimweleze habari za mbata, jinsi inavyopimwa na jinsi inavyongojewa. Nikaufunga. Hata mimi, nikiwa na jicho moja, niliiona ile mbata ilivyo.

Dresa alikuwa mtu mwema, hakuniuliza zaidi. Alinionyesha kwa kioo mayai yao, yameng'ang'ania kope moja moja kama shanga, na akayang'oa mengi kwa kibano huku mimi natiririkwa na machozi. Hao wanakunywa damu kwenye kingo za jicho, alinieleza, na kinyesi chao ndicho ile kutu yangu ya asubuhi. Akanipa kikopo cha mafuta mgando. Nipake kwenye kope, mazito, asubuhi na jioni, wakose pumzi wafe. Nichemshe shuka na foronya. Mume anyoe, naye apake dawa yake, la sivyo nitarudi tena.

"Mafuta ikiisha na uko mbali, tumia ile ya mbarika," akasema akinawa mikono. "Wamama wa zamani wa hapa wanaijua hiyo. Iko sawa tu."

Nilikaa pale kitini kidogo. Mwingine akaitwa, ikabidi niondoke.

Mavyaa alinidaka mlangoni. Nilimwambia njiani, tulipokuwa peke yetu, kwa maneno machache kadiri nilivyoweza. Alisimama. Nikadhani atalia au atanipiga. Akatazama nyuma kuona kama kuna mtu.

"Mtu akikuuliza, ni jicho," akasema. "Jicho ni mtihani wa Mungu, linampata yeyote. Hilo jingine ni uchafu, na utamharibia mwanangu jina."

"Na mpambaji je, mama?"

"Mpambaji hana mume wa kuharibiwa jina."

Nilipaka mafuta mgando kwa siku kumi, na macho yakapona, na sifa zikaenda kwa kuku mweupe wa sadaka. Mume wangu nilimwambia uso kwa uso. Alisema ni magodoro ya nyumba za wageni. Alisema pia yawezekana ni viti vya lori. Mtu huyu aliyekuwa akibishana na dunia nzima juu ya uzito wa gunia la mbata, siku hiyo alichukua wembe na dawa bila ubishi wowote, akaenda msalani, akakaa huko mpaka adhuhuri. Nililia jikoni nikausingizia moshi. Sikulia kwa sababu ya magodoro tu. Kila nikiosha uso nilikuwa nakikumbuka kile kichupa kikigonga ubao.

Haikupita miezi miwili ikaja harusi nyingine, nyumba ya pili kutoka kwetu. Asubuhi ya harusi uani palikuwa pamejaa wanawake: wengine wanachambua mchele, wengine wanatwanga viungo. Bibi harusi alikuwa ndani, amekwisha kupakwa singo, anamngoja mpambaji wa Ukunda, ambaye alichelewa kwa sababu wapambaji wa Ukunda ndivyo walivyo. Na mpambaji wetu alikuwa pale pale uani. Alikuja kama jirani, kwa kuwa harusi haikatazwi jirani. Walimpa vitunguu amenye, pembeni, karibu na ukuta, peke yake na karai lake.

Nilikuwa nimekwenda nikiwa nimeazimia. Niliazimia jambo dogo, la mtu mwoga: nitakaa mbele yake anipake wanja, watu waone siogopi, mambo yaishe bila mtu kutaja mdudu. Nikachukua mbuzi ya kukunia nazi, nikaiweka mbele ya karai lake, nikakaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Naomba unipake wanja."

Michi ikanyamaza. Mpambaji alinitazama, akatazama vidole vyake.

"Mikono yangu ina vitunguu," akasema. "Nitakuliza."

"Niko tayari kulia."

Akanawa kwa maji na ndimu, akakausha, akatoa kikebe cha wanja kutoka kwenye pindo la leso. Miezi yote ile alikuwa anatembea nacho. Akaniinua kidevu, akashika ukope wangu kwa kidole gumba, akaugeuza kidogo kuelekea mwangaza, akasogea karibu kabisa.

"Wamekwisha," akasema kwa sauti ya kunitosha mimi tu.

"Nani?"

"Hao wageni wako. Niliwaona siku ile ya harusi, wawili, nikajiambia labda macho yangu yamechoka. Nilipoambiwa unaugua nikajua. Miaka yote hii natazama kope za watu, nitakosa kuwajua? Nikamletea mavyaa wako mafuta. Nikamwambia upake asubuhi na jioni, na mumeo naye ajipake, kwani kwake ndiko walikotoka." Kijiti kikapita, laini, hakikukwaruza. "Alijipaka?"

Mavyaa alijua. Alijua tangu siku ya pili, kabla ya kuku, kabla ya ubani, kabla ya makuti yale kichwani mwa mtu. Alikitupa kile kichupa akijua kilichomo ni dawa, kwa sababu kilikuja na jina la mwanawe.

"Kwa nini hukuwaambia watu?" nikamwuliza. "Ungejiokoa."

"Niwaambie nini? Kwamba mke wa fulani ana chawa wa namna ile? Kazi yangu ni kupamba watu." Akageukia jicho la pili. "Chupa yangu iko wapi?"

"Ilitupwa chooni."

Mkono wake ukasimama kidogo hewani. "Ilikuwa chupa ya marashi. Marehemu alininunulia tulipooana," akasema, kisha akaendelea na kazi.

Nilimtafuta mavyaa kwa jicho langu lililokwisha kupakwa. Alikuwa katikati ya wanawake, ungo wa mchele magotini, ananitazama, na vidole vyake havichambui. Hasira niliyoisikia sijawahi kuisikia tena maishani, na nimeishi maisha marefu yenye sababu nyingi. Nikasema kwa sauti, bila kugeuza kichwa kwa sababu ya wanja:

"Mimi sikupigwa jicho. Nilikuwa na chawa kwenye kope, wale wasiokaa kichwani. Dresa alinitolea nikawaona wanatembea. Kwa huyu bibi hawakutoka, wametoka Mombasa na mbata. Huyu aliniletea dawa, nasi tukaitupa."

Nilisikia mchi ukianguka. Kisha mtu mmoja nyuma akaguna, na uani mzima ukapasuka kwa kicheko. Nilitamani ardhi ifunguke. Nilikuwa nimejivua nguo mbele ya wanawake arobaini, na wote walikuwa na midomo.

"Mwanangu, huna haya?" mavyaa akasema.

"Ninayo, mama. Nimechoka kumbebesha mwingine."

Mavyaa alichukua buibui lake akaondoka, na hakuzungumza nami hadi mfungo uliofuata. Mume wangu alihama upande wa pili wa nyumba, kisha akarudi, kisha nikahama mimi. Kuhusu wale waliocheka, wiki ile ile mafuta ya mbarika yalikuwa hayapatikani Msambweni nzima, na kila mama aliyeulizwa alisema anapaka nywele. Ndoa yangu haikuishi muda mrefu baada ya hapo, na sikuiwekea matanga.

Lakini siku ile bado nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi ya nazi, kicheko kimekwisha. Kutoka ndani bibi harusi akapaza sauti, "Basi si aje anipake mimi, jua linakwenda!" Mama yake akabaki mlangoni, hamkatazi wala hamwiti.

Mpambaji hakuwa na haraka. Alimalizia ukingo wa jicho langu la pili, akapangusa kijiti chake, akafunga kikebe. Akarudi nyuma hatua moja kuitazama kazi yake. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya kusikika hadi barazani kwa wanaume:

"Mashaallah."

Akasimama, akawageukia wanawake mmoja mmoja.

"Mmenisikia nyote? Au nirudie, kuna mwingine yuko Vanga?"